Miaka Mitatu au Minne? Habari za Shahada Zetu Ng'ambo



Hapa kwetu Ufipa wazee walijua kuyeyusha chuma tangu zamani. Walijenga tanuri la udongo refu kupita kimo cha mtu, liitwalo ilungu, wakalijaza mkaa na mawe ya chuma, nao moto ukawaka kwa hewa iliyoingia katika matundu ya chini, pasipo mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kina takataka nyingi. Kwa hiyo kilipelekwa katika tanuri dogo, kikachomwa mara ya pili kwa mivukuto, ndipo mhunzi alipopata kitu cha kufua jembe. Mgeni aliyefika siku ya tanuri dogo tu angaliweza kusema, "Kumbe chuma cha Wafipa ni kazi ya siku moja!" Angalikosea, kwa kuwa tanuri kubwa hakuliona.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu kosa la mgeni yule ndilo linalowapata vijana wetu wanapoomba kusoma shahada ya pili katika nchi za mbali. Mwaka mmoja uliopita kijana niliyemfundisha zamani alinijia nyumbani hapa Mazwi pamoja na baba yake. Akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akanipa karatasi aliyoitoa chapa dukani. Ilikuwa barua ya chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Maneno yake yalikuwa machache: shahada yako ni ya miaka mitatu, sisi twataka ya miaka minne, kwa hiyo hatuwezi kuyafikiri maombi yako.

Kijana huyo alimaliza darasa la saba kijijini kwao, kisha kidato cha nne, kisha cha sita, akasoma chuo kikuu miaka mitatu, akafaulu vizuri. Baba yake aliuza ng'ombe wawili wa kulimia ili amtimizie mahitaji yake. Sasa akaniuliza, "Mwalimu, je, tumedanganywa? Cheti changu ni nusu cheti?" Mzee alikuwa amekaa kando, amenyamaza, akiitazama ile karatasi asiyoweza kuisoma, maana imeandikwa kwa Kiingereza. Niliona ya kuwa swali lile lilikuwa lake pia. Nikawaomba wanipe siku chache nitafute habari. Haya niliyoyapata nawaandikia ninyi nyote, maana vijana wa namna hiyo wataongezeka.

Kwanza tukumbuke ya kuwa kusoma ng'ambo si jambo jipya katika pande zetu. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, aliishi tabibu Adriano Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari, nao wakampeleka kisiwa cha Malta kusomea uganga. Alifika Karema mwaka 1889, akawatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Watu wa ziwani hawakumwuliza alisoma miaka mingapi. Walitazama kama mgonjwa amepona. Lakini mtu aliye mbali, asiyeweza kuyaona matendo yako, hana cha kutazama ila karatasi yako. Ndiyo sababu hesabu ya miaka imekuwa na nguvu kubwa katika ofisi za vyuo. Karatasi husimama mahali pa mtu.

Sasa tuulize: hiyo miaka minne ilitoka wapi? Huko Marekani chuo cha kale kuliko vyote ni Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1636. Wahitimu wake wa kwanza walikuwa tisa, mwaka 1642, nao walisoma miaka mitatu tu. Katika miaka ya 1650 mkuu wa chuo, Henry Dunster, aliongeza mwaka wa nne. Baadhi ya wanafunzi walikasirika sana, wakaondoka bila kuchukua shahada. Hata hivyo desturi ya miaka minne ilishika mizizi, na vyuo vilivyofuata viliiga. Siku hizi mtoto wa Marekani husoma shule miaka 12, kisha chuo kikuu miaka 4; jumla yake ni miaka 16. Mtu wa ofisi ya huko ameizoea hesabu hiyo tangu utoto wake, hata huona kwamba ndiyo hesabu ya dunia nzima.

Lakini Uingereza haikufuata njia hiyo. Huko mwanafunzi hukaa shuleni miaka miwili zaidi baada ya mtihani wake mkubwa wa kwanza, akijifunza masomo machache kwa kina, halafu huingia chuo kikuu, na shahada nyingi huchukua miaka mitatu. Scotland nayo ina desturi yake. Wanafunzi wa huko waweza kuingia chuo mapema kidogo, na shahada ya heshima huchukua miaka minne, ila iko pia shahada ya kawaida ya miaka mitatu. Waingereza na Waskoti wanatawaliwa na mfalme mmoja, lakini miaka ya shahada zao si mamoja.

Desturi hiyo ya Scotland yatuhusu sisi Watanzania, kwa kuwa Mwalimu Julius Nyerere aliipitia. Alisoma Makerere, Uganda, tangu mwaka 1943 hata 1945, akapata stashahada ya ualimu. Kisha alifundisha shule ya St. Mary's, Tabora, iliyoongozwa na Padre Richard Walsh, ambaye alimtia moyo aendelee na masomo. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 27, mwalimu mwenye cheti na uzoefu wa kazi. Je, alipokewa kusoma shahada ya pili? La. Makerere ya siku alizosoma yeye haikutoa shahada, bali stashahada, na stashahada ile haikuhesabiwa kuwa shahada. Ilimpasa kukaa darasani na vijana walio wadogo kwake, akisomea shahada ya kwanza. Aliimaliza mwaka 1952, akarudi nyumbani, akafundisha Pugu.

Tena liko jambo moja linalowapoteza wengi. Shahada aliyopata Edinburgh yaitwa M.A., na watu wakisikia herufi hizo hudhani ni shahada ya pili, kama ilivyo katika vyuo vingi vya dunia. Lakini katika vyuo vya kale vya Scotland M.A. ni jina la shahada ya kwanza. Basi twaona ya kuwa si miaka tu inayotofautiana, bali hata majina. Jina moja katika nchi mbili laweza kuwa na maana mbili, kama vile neno la Kifipa laweza kufanana na neno la Kinyamwanga, lakini maana zake zikawa mbali.

Sasa nawaomba msomaji na msikilizaji wawe waangalifu, maana hapa ndipo penye kiini cha habari. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Mwaka 1949 ilifungamana na Chuo Kikuu cha London, ili wanafunzi wake wapate kusomea shahada za London. Lakini wanafunzi wa nchi zetu za Afrika ya Mashariki walifika Makerere na cheti cha kidato cha nne, kwa sababu vidato vya tano na sita havikuwapo bado katika shule zao. Kwa hiyo chuo chenyewe kiliwafundisha kwanza masomo ya matayarisho kwa miaka miwili, kisha ndipo walipoanza miaka mitatu ya shahada. Jumla yake ilikuwa miaka mitano ndani ya chuo.

Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, vidato vya tano na sita vilifunguliwa katika nchi zetu. Miaka ile miwili ya matayarisho ikahamishwa kutoka chuoni, ikapelekwa shuleni. Haikufutwa. Ilibadilishiwa nyumba tu. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kwa somo la sheria, chini ya London pia, kilifuata mfano huo, na mpaka leo shahada zetu nyingi huchukua miaka mitatu, ingawa ziko zinazochukua minne, mitano au zaidi, kama za uhandisi na udaktari.

Kwa hiyo mtu akisema, "Shahada ya Tanzania ni fupi," atazama mlango wa chuo tu. Miaka yetu ya matayarisho iko upande wa pili wa mlango, katika kidato cha tano na cha sita. Hata vyuo vingi vya Marekani vyalijua jambo hili, maana mwanafunzi anayefika huko na cheti cha kidato cha sita aweza kusamehewa baadhi ya masomo ya mwaka wa kwanza.

Jirani zetu wa Kenya wametupa mfano ulio wazi kuliko wote. Zamani wao nao walikuwa na miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya vidato vya juu na 3 ya chuo. Mwaka 1985 waliiacha njia hiyo wakashika nyingine: miaka 8, kisha 4, kisha 4. Ile miaka miwili ya vidato vya juu waliigawa: mmoja wakauongeza katika shule ya msingi, na mmoja katika chuo kikuu. Jumlisheni wenyewe. Njia ya kwanza ni miaka 16. Njia ya pili ni miaka 16. Hapana mwaka uliozaliwa wala mwaka uliokufa. Lakini tangu hapo shahada ya Kenya imesomeka katika karatasi kuwa ya miaka minne, na ya Tanzania mitatu, na mwenye kusoma karatasi peke yake huona kwamba Mkenya ametutangulia.

Nchi nyingine nazo zina hesabu zao. Mwezi wa Juni mwaka 1999 mawaziri wa nchi 29 za Ulaya walikutana Bologna, Italia, wakapatana kuzilinganisha shahada zao, na shahada ya kwanza iwe ya miaka isiyopungua mitatu. Kwa mapatano hayo miaka mitatu imekuwa jambo la kawaida katika Ulaya, na vyuo vingi vya Marekani vikalazimika kufikiri upya habari ya miaka minne. India walikuwa na miaka 12 ya shule na 3 ya chuo, jumla 15, nao vijana wao wengi walipata taabu kama aliyoipata kijana wangu. Tangu mwaka 2020 sera yao mpya imeruhusu shahada ya miaka minne pia. Afrika ya Kusini shahada nyingi ni za miaka mitatu, lakini kabla ya shahada ya uzamili mwanafunzi kwa kawaida husoma kwanza mwaka mmoja wa heshima. Kwa hiyo Mtanzania anayeomba huko asishangae akiulizwa, "Mwaka wako wa nne uko wapi?" Si dharau, bali ndiyo desturi ya nyumba ile.

Baada ya siku chache kijana na baba yake walirudi. Nikawapeleka shuleni jioni, nikachukua chaki, nikaandika ubaoni: msingi 7, sekondari 4, vidato vya juu 2, chuo kikuu 3. Nikajumlisha: 16. Kando yake nikaandika ya Marekani: shule 12, chuo 4. Nikajumlisha: 16. Mzee akaniomba nimsomee tena polepole kwa Kifipa. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tanuri kubwa hawakuliona." Maneno yale ni yake, mimi nimeyaazima tu ili niwafungulie habari hii.

Yule kijana hakukata tamaa. Alifanya mambo manne, nami nayaeleza hapa ili mwingine apate kuyafuata. La kwanza, hakupeleka cheti cha chuo peke yake. Alikiambatanisha na vyeti vya kidato cha nne na cha sita vya Baraza la Mitihani, pamoja na orodha ya masomo yake yote na alama zake, ili msomaji wa mbali aone njia nzima tangu mwanzo. La pili, aliomba chuo chake kimwandikie barua ya kueleza ya kuwa nchini Tanzania shahada ile ndiyo shahada kamili, na kwamba haingiwi isipokuwa kwa kidato cha sita au sifa iliyo sawa nayo. La tatu, kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi, aliandika kwanza kuuliza: je, mwapokea shahada ya miaka mitatu? Ada ya chuo cha kwanza ilikuwa imekwisha potea, wala hairudishwi. La nne, hakuomba mahali pamoja tu, bali alitafuta pia katika nchi ambazo miaka mitatu ndiyo desturi yao.

Sitaki kuwadanganya. Chuo kile cha kwanza hakikugeuza neno lake hata baada ya kupelekewa barua na hesabu. Kila chuo kina sheria yake, na mwenye nyumba ndiye afunguaye mlango. Lakini chuo cha pili kilizisoma karatasi zote, kikampokea. Ng'ombe wa mzee hawajarudi bado, wala sijui watarudi lini. Hata hivyo mzee hasemi tena neno la nusu cheti.

Na kama milango yote ikifungwa, liko jambo la kufanya hapa hapa nchini. Mtu aweza kusoma stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja, au shahada ya uzamili yenyewe katika vyuo vyetu, kisha akaomba ng'ambo akiwa na mzigo mzito zaidi mkononi. Hapo neno la miaka mitatu hupoteza nguvu. Mwalimu Nyerere alikubali kuanza tena mwanzo akiwa mtu mzima, na hakuna aliyemhesabia kuwa ni aibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko yote. Mwezi wa Februari 2025 serikali yetu ilizindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Kwa sera hiyo elimu ya lazima ni miaka 10: msingi 6 badala ya 7, na sekondari 4. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa mtoto wa Laela au wa Namanyere hataachwa njiani baada ya darasa la mwisho la msingi, kama walivyoachwa wengi wa rika langu. Lakini tufanye ile hesabu ya ubaoni: 6, na 4, na 2, na 3. Jumla ni 15. Kenya nao, katika utaratibu wao mpya wa miaka 6, 3, 3 na 3, wamefika 15. Hapo zamani tuliweza kumjibu mgeni, "Hesabu vizuri, utaona 16." Je, watoto walio madarasani mwetu leo watajibu nini?

Mimi nawajibu hivi. Miaka ni kipimo cha moto, si kipimo cha chuma. Mtoto aliyefundishwa vema miaka 15 aweza kumpita aliyelala darasani miaka 16. Nchi nyingi za Ulaya zimekwisha kukubali neno hilo. Lakini litakubaliwa kwetu tu iwapo vyeti vyetu vitaaminika, mitihani yetu itakuwa safi, na barua za vyuo vyetu zitaeleza bayana mwanafunzi alijifunza nini. Mwaka mmoja ukiondolewa katika hesabu, hapana budi bidii iongezwe mahali pake. Kazi hiyo si ya serikali peke yake. Ni ya mwalimu aingiaye darasani kwa wakati, na ya mzazi asiyemtoa mtoto shuleni wakati wa kuvuna mahindi.

Basi, wazazi wenzangu, tunzeni vyeti vya watoto wenu tangu cha kwanza, msivitupe kwa kudhani kwamba cha mwisho chatosha. Siku moja mtu wa mbali atauliza habari za tanuri kubwa, nasi tuwe na cha kumwonyesha.